Mtoto anaenda jandoni likizo hii? Kagua chanjo zake kwanza

Likizo ya mwezi wa sita hiyo inakuja na huku kwetu Newala, Tandahimba, Masasi mpaka Nachingwea watu wameshaanza kutafuta mchele na kuku wa ngoma. Mila ni mila, sizipingi. Ila wazazi wengi tunaamini mtoto akishamaliza kliniki basi kinga imekaa maisha yote, na sio zote ziko hivyo, kwahiyo pitieni haya kabla hamjamtoa mtoto nyumbani.

Tafuta kadi ya kliniki. Kama imeliwa na mchwa nenda ulipokuwa unampeleka, waulize kama rejista bado ipo.

Surua na rubela, hakikisha sindano ni mbili, ya miezi 9 na ya miezi 18. Ile ya kwanza peke yake inaacha watoto kama 15 katika kila 100 bila kinga, na wengi ya pili hawaendi kwasababu mtoto anaonekana mkubwa. Akizipata zote mbili kinga inakaa miaka na miaka, hapo usiwe na wasiwasi.

Polio nayo inadumu. Ila mwaka 2022 iligundulika Malawi na Msumbiji, na sisi tumetengana na Msumbiji kwa mto Ruvuma tu, kwahiyo wakipita na matone ya kampeni, mdogo wake mtoe hata kama alishapata.

Kifaduro kinga inachuja, baada ya miaka 4 hadi 12 hivi mtoto anaweza kukipata tena, na hatari ni pale anapomkohoea kichanga ndani ambaye hata wiki 6 za chanjo hajafikisha. Wasichana wa miaka 9 hadi 14 wapate ya saratani ya mlango wa kizazi.

Sasa pepopunda, hapa msome taratibu.

Mtoto anachomwa pajani wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kinga ile inashuka mwaka hadi mwaka, akifika darasa la tatu la nne inaweza kuwa imebaki kidogo sana. Ndio maana Shirika la Afya Duniani linashauri dozi 3 nyingine za kukumbushia, mwaka wa pili, kati ya miaka 4 na 7, na kati ya 9 na 15. Wakinamama wanachomwa wakiwa wajawazito, wao kinga inarudi, lakini mtoto wa kiume nani anamkumbuka?

Mtoto wa jirani yetu kadi yake ilikuwa imejaa, mama yake alikuwa anaitunza kwenye mfuko wa nailoni. Akaenda likumbi, yaani kambi ya jando, na wenzake, akakatwa, kidonda kikawekwa majivu na majani. Kama wiki imepita anashindwa kufungua mdomo ale ugali, wazee wakasema mashetani, akapelekwa kwa mganga, huku shingo inakaza na mgongo unapinda kama upinde, mlango ukifunguliwa tu mwanga ukaingia mwili mzima unakakamaa, na akili anayo yote, anasikia kila mnachosema. Alipofika hospitali alilazwa chumba chenye giza wiki nyingi. Alipona, lakini yule mtoto aliteseka jamani. Na wakamwambia mama yake kwamba kuugua pepopunda hakumpi mtu kinga, kwahiyo akipona lazima achanjwe tena.

Watu wakauliza mbona wenzake hawakuumwa, kumbe karogwa. Hapana. Vijidudu vyake viko kwenye udongo na mavi ya ng'ombe na mbuzi, vinaingia kwenye kidonda cha huyu vinamkosa yule, na haviambukizi mtu kwa mtu, kwahiyo hata kijiji kizima kikichanjwa mwanao ambaye hajachanjwa hajakingwa na chochote.

Kwahiyo nenda kituo cha afya mapema, wiki 6 kabla kama unaweza. Kama kadi inaonyesha dozi 3 za utotoni, muulize nesi kuhusu ya kukumbushia, ikae angalau wiki 2 kabla ya kukatwa. Kama kadi hamna, ni mbili zinazoachana wiki 4. Usisubiri mpaka ngoma imeanza kulia.

Mengine mnayajua, wembe mmoja mtoto mmoja, na majivu au kinyesi kwenye kidonda marufuku hata kama babu yenu alifanya. Kukatwa kwa daktari ni bora zaidi, mafunzo ya jando anaweza kuyapata baadae. Na hata asipoenda jandoni, watoto wanakanyaga misumari na miba kwenye mikorosho kila siku, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni halafu zahanati. Akisema taya limekaza usimlazimishe kunywa kitu, tafuta usafiri usiku huohuo, na njiani msimpigie kelele wala kumtikisa.