Kutu kwenye Mustang ya paa la turubai: funga viunzi kabla ya kushika grenda

Ford Mustang za 1965 na 1966 hazina chesi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chesi yenyewe. Yenye paa la bati imeshikwa juu na chini. Ya turubai haina cha kuishika juu, kwa hiyo kinachoizuia isipinde katikati ni vizingiti viwili chini ya milango, vilivyotengenezwa kwa bati nene zaidi makusudi. Kutu nayo inapenda kulala humo humo.

Hatua ya 1: Tafuta maji yanakopitia
Usianzie sakafuni. Mwaga maji kwenye matundu ya hewa mbele ya kioo, huku mwenzako amelala chini ya dashibodi na tochi. Yakimdondokea, bati la huko ndani limeoza, na sakafu mpya utakayoweka itaoza vilevile. Ili ulifikie, toa bati la juu lenye matundu hayo; limeshikwa kwa nukta nyingi za weldi. Zitoboe moja moja kwa drili. Inachosha, najua.

Kisha toa betri na tangi la mafuta. Kwenye gari hili mgongo wa tangi ni sehemu ya sakafu ya buti, kwa hiyo cheche za huko nyuma si za kuchezea.

Hatua ya 2: Funga viunzi
Milango ikiwa bado imefungwa, pima nafasi kati ya mlango na bodi, juu na chini, uandike vipimo kwenye tepu palepale. Kisha chomelea viunzi, yaani mabomba ya muda ya kuzuia bodi isipinde: bomba la mraba kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, lingine la mshazari, na moja la kuvuka gari upande hadi upande. Yapitishe kwa ndani ili mlango uendelee kufunga. Ndio utakaokuambia kama bodi imesogea.

Mara ya kwanza niliruka hatua hii. Mlango uliokuwa ukifunga kwa kidole ukataka kusukumwa kwa nyonga, na kizingiti nilichokwisha kukichomelea nikakikata upya.

Hatua ya 3: Kata upande mmoja tu
Gonga bati kwa mpini wa bisibisi. Zima hulia, lililooza hutoa mlio mzito. Kata sentimita mbili tatu ndani ya lililo zima, maliza upande huo, ndipo uende wa pili.

Hatua ya 4: Chomelea kwa subira
Waya wa milimita 0.6 unatosha kwa bati la sakafu. Piga nukta moja hapa, nyingine mwisho wa pili, kisha ngoja. Kama mkono hauvumilii kugusa, bado. Ukivuta mstari mrefu kwa pupa, bati litajikunja kama chapati kwenye kikaango. Panapopandana, toboa matundu ya milimita 8, paka praima ya zinki katikati, ujaze kwa weldi. Moshi wa zinki ni sumu: vaa barakoa ya kuchuja moshi, fungua milango ya karakana.

Hatua ya 5: Ziba na kinga
Praima ya epoksi kwenye bati tupu, puti isizidi milimita 3, silanti kwenye maungio. Pulizia nta ndani ya vizingiti, lakini usizibe matundu ya kutolea maji.

Viunzi vitoke mwisho kabisa. Vikitoka, rudia vipimo vya kwenye tepu, halafu inua kona moja ya nyuma kwa jeki ufungue na kufunga mlango, uone kama bodi inapinda.