Pittsburgh hadi Washington kwa baiskeli: mambo ya kuzingatia kabla ya kuondoka

Mashariki mwa Marekani kuna njia ya kilomita 540 hivi inayokuwezesha kutoka Pittsburgh, Pennsylvania, hadi Washington, mji mkuu, kwa baiskeli bila kusukumwa pembeni na basi wala lori. Magari utayaona pale njia inapokatiza barabara au inapopenya mjini, basi. Kwa mtu aliyezoea kuendesha kwenye ukingo wa lami ya barabara ya Morogoro au ile ya Mombasa, hilo peke yake linatosha kumfanya afunge mzigo.

Tatizo ni kwamba wengi huichukulia kuwa njia moja, nayo ni mbili. Ya kwanza, Great Allegheny Passage, ina kilomita 240 na inaishia Cumberland, Maryland. Ya pili inafuata mfereji wa zamani wa Chesapeake and Ohio kwa kilomita 297 kutoka Cumberland hadi Georgetown, ndani ya Washington. Ile ya kwanza ilikuwa reli. Ya pili walipita baghala wakivuta mashua za makaa ya mawe. Karibu kila jambo la kuandaa linatokana na tofauti hiyo, na makosa mengi hutokea kwa kujiandaa kwa ile ya kwanza na kudhani ya pili itafanana nayo.

Anza kwa kuamua utaelekea upande gani. Treni za zamani hazikuweza kupanda mlima mkali, kwa hiyo waliojenga reli walichonga milima ili mwinuko usizidi asilimia mbili. Ukitoka Pittsburgh, unapanda taratibu kwa kilomita 200 hivi hadi kwenye kilele chenye mita 729 juu ya usawa wa bahari, karibu na Deal. Ni kupanda usikokuhisi, ila jioni magoti yanakumbuka. Kutoka kileleni hadi Cumberland ni mteremko wa kilomita 38. Aliyeanzia Washington huukuta mteremko huo akiwa chini yake: kilomita 38 za kupanda zaidi ya mita 500 bila mahali pa kushusha pumzi. Kwa anayekwenda mara ya kwanza, na hasa mwenye mizigo, mimi ningesema aanzie Pittsburgh. Kileleni hapo ndipo mito inapogawana njia: mvua ikinyesha upande mmoja maji huishia Atlantiki kupitia ghuba ya Chesapeake, na upande wa pili huzunguka kwa mto Ohio na Mississippi hadi ghuba ya Mexico.

Baada ya mwelekeo, msimu. Karibu na kilele kuna handaki liitwalo Big Savage, lenye urefu wa mita 1,004, na kila majira ya baridi hufungwa kwa milango ili barafu isiliharibu. Kwa kawaida hufungwa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi mapema Aprili. Likifungwa hakuna njia fupi ya kulizunguka. Utapelekwa kwenye barabara za mlimani, zenye magari na miinuko ambayo reli ilikuwa ikiikwepa. Aprili na Mei kuna maua porini na matope mfereji mzima. Julai na Agosti kuna joto la kunata na mvua za radi za alasiri. Septemba hadi katikati ya Oktoba ndio wakati mzuri kuliko wote, majani ya misitu yanapoanza kugeuka rangi, na kwa sababu hiyo hiyo nyumba za wageni hujaa. Weka nafasi mapema.

Sasa baiskeli yenyewe. Njia ya reli imemwagiwa kokoto laini za mawe ya chokaa, zikashindiliwa. Tairi la milimita 32 linapita bila shida. Ukishaingia kwenye mfereji mambo hubadilika: kuna vipande vilivyotengenezwa upya na kuwa vizuri, lakini kwingine utakutana na udongo wa mfinyanzi, mizizi, mashimo na madimbwi yanayobaki siku kadhaa baada ya mvua. Hapo tairi la milimita 40 au zaidi, lenye meno kidogo, ndilo litakalokufikisha. Punguza upepo kidogo kuliko unavyojaza kwa lami. Madigadi mbili ni za lazima, la sivyo mgongo wako na mzigo wako vitarudi na rangi ya mfereji. Vumbi la chokaa hukausha cheni, kwa hiyo beba mafuta ya cheni na kitambaa, na upake kila asubuhi. Tyubu mbili za akiba, viraka na solusheni, pampu, spana, kifungulia cheni. Badilisha vibao vya breki kabla ya kuondoka kama vimeanza kulika, maana matope ya mfinyanzi huvila haraka. Hakikisha keria imefungwa kwa nati zisizolegea. Mtikisiko wa siku tano au sita hulegeza kila kitu.

Taa watu huzisahau kwa sababu wanapanga kuendesha mchana. Big Savage lina taa ndani. Handaki la Paw Paw, upande wa mfereji, halina hata moja. Lina urefu wa mita 950, limejengwa kwa matofali zaidi ya milioni sita, na kazi iliyoanza mwaka 1836 haikumalizika hadi 1850. Njia ya ndani ni nyembamba, ina mabonde, na ukuta uko upande mmoja, maji upande wa pili, katikati kukiwa na reli ya mbao ya kushikilia. Shuka, sukuma baiskeli, washa taa ya mbele. Taa ya simu haitoshi, na simu yenyewe utaihitaji baadaye. Beba pia koti jepesi: ndani ya mahandaki haya kuna baridi hata mwezi wa saba.

Maji na chakula ndipo tofauti ya zile njia mbili inapouma. Upande wa reli, miji midogo imepangana vizuri: West Newton, Connellsville, Ohiopyle yenye maporomoko yake, Confluence, Rockwood, Meyersdale, Frostburg. Ukikosa hapa utapata mbele. Kutoka Cumberland hadi Hancock ni kilomita 97, na katikati maduka ni ya kuhesabu, mengine hufunguliwa wakati mwenyewe anapotaka. Nunua chakula cha siku nzima na nusu ukiwa Cumberland. Anayekula halali asitegemee vimikahawa vya vijijini; tende, karanga, mkate, samaki wa kopo na mayai ya kuchemsha vitamfikisha.

Kando ya mfereji kuna kambi za waenda kwa miguu na baiskeli, kila baada ya kilomita chache. Ni bure, huwezi kuzihifadhi mapema, na kila moja unaruhusiwa kulala usiku mmoja. Zina choo, meza, mahali pa kuwashia moto na bomba la kuvuta kwa mkono. Maji ya bomba hizo hutiwa iodini, kwa hiyo yana ladha ambayo si kila mtu ataipenda. Majira ya baridi bomba hufungwa. Ukikuta mpini umeondolewa, usijaribu ujanja. Beba chupa zenye ujazo wa lita tatu au nne ili uweze kuruka bomba moja bila hofu. Maji ya mfereji wenyewe yaache hapo hapo.

Misitu hii haina simba wala tembo. Ina kupe, wadogo kama punje ya ulezi, wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme, na Pennsylvania ni miongoni mwa majimbo yenye wagonjwa wengi zaidi. Vaa soksi ndefu ukiingia nyasini, paka dawa ya wadudu, na kila jioni jikague nyuma ya magoti, kwapani na kwenye mstari wa nywele. Kibano kidogo cha kumng'olea kupe kina thamani kuliko nusu ya dawa utakazobeba. Kuna pia mtambaa wenye majani matatu matatu unaowasha kama upupu, nao umejaa kingoni mwa njia. Angalia unapoegemeza baiskeli. Anayekuja Marekani kwa viza ya matembezi akate bima ya afya kabla ya kupanda ndege. Mkono uliovunjika Hancock unaweza kumgharimu kuliko safari nzima.

Mtandao wa simu hukatika mabondeni, hivyo pakua ramani mapema. Jifunze pia nguzo za maili. Ukielekea Washington, upande wa reli huhesabiwa kurudi nyuma kutoka 150 mpaka 0 Cumberland, kisha mfereji huanza upya na 184.5 na kushuka hadi 0 Georgetown. Ukipiga 911, mwambie wa upande wa pili jina la njia pamoja na namba ya nguzo ya mwisho uliyoipita. Barabara ya kukufikia huenda iko mbali, na "niko msituni karibu na mto" haitamsaidia mtu.

Acha siku moja ya ziada, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mto Potomac, ambao ukifurika hufunga vipande vya njia. Mafuriko ya mwaka 1924 ndiyo yaliyoumaliza mfereji kibiashara. Angalia matangazo ya shirika la hifadhi za taifa, National Park Service, wiki ya safari na tena ukiwa Cumberland. Ya pili ni kwamba njia imepita kwenye historia ambayo ni hasara kuipita mbio. Homestead palikuwa na mgomo wa damu wa wafanyakazi wa chuma mwaka 1892. Harpers Ferry ndipo John Brown alipovamia ghala la silaha mwaka 1859 akitaka watumwa wajikomboe. Uwanja wa vita wa Antietam, wa Septemba 1862 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, uko kilomita chache nje ya mfereji, na kufika huko utalazimika kuingia barabara ya magari. Kufuli imara ni ya kazi hiyo. Njia ya mfereji yenyewe ilinusurika kugeuzwa barabara ya magari baada ya jaji William O. Douglas kuitembea yote kwa miguu mwaka 1954, akiwataka wahariri wa gazeti waliounga mkono mpango huo watembee naye. Mwaka 1971 ikawa hifadhi ya kihistoria ya taifa.

La mwisho ni kurudi. Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, lina treni inayosimama Washington, Harpers Ferry, Cumberland, Connellsville na Pittsburgh, moja kwa siku kila upande, nayo hupokea baiskeli bila kuifungua. Nafasi za baiskeli ni chache na lazima zikatiwe pamoja na tiketi, kwa hiyo kata kabla ya kulipia malazi. Inafika Pittsburgh karibu na usiku wa manane. Panga pa kulala. Na kutoka nguzo ya 0 hadi kituo cha Union ni kilomita tano hivi za jiji lenye magari ya kweli, baada ya siku nyingi za kutoyazoea. Usifike Georgetown ikiwa imebaki saa moja treni iondoke.