Tetemeko likija usiku, ukuta wako utaangukia wapi?

Waliokuwepo Bukoba tarehe 10 Septemba 2016 wanakumbuka ilikuwa Jumamosi, saa tisa na nusu hivi alasiri, wengi wako nje. Ukubwa 5.9 tu na bado watu zaidi ya 15 walifariki, Ihungo na Nyakato sekondari majengo yakaharibika vibaya. Vuta picha lingekuja saa nane usiku. Na yatakuja mengine, maana tawi la magharibi la Bonde la Ufa linazidi kutanuka polepole.

Kwa hiyo anza na kitanda. Kwa ma mkubwa pale Hamugembe kichwa cha kitanda kilikuwa chini ya ule ukuta wa pembetatu unaopanda mpaka kwenye paa, tofali za kuchoma zimeshikwa na tope, na ndo huohuo ulioanguka, juu ya mto tulikuta tofali tisa, yeye alikuwa uani anamenya ndizi. Sogeza kitanda leo. Kabati la vyombo lifunge ukutani kwa waya, vitu vizito vishuke chini, na viatu na tochi viwe karibu na kitanda maana vioo vikivunjika gizani miguu ndo inaumia.

Kama unajenga, mbane fundi kwenye lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha. Izunguke nyumba nzima, sio vipande juu ya madirisha tu, na nondo zifungwe vizuri kwenye kona. Najua nondo bei yake inauma, ila bora upunguze chumba kimoja.

Likianza kutikisa, ingia chini ya meza imara, kinga kichwa, shika mguu wa meza mpaka litulie. Huna meza, jikunje chini mbali na madirisha na makabati. Ila kama nyumba ni ya udongo na uko mlangoni kabisa, toka ufike uwanjani, usisimame barazani, tofali na bati vinashukia hapohapo.

Likiisha funga mtungi wa gesi, zima meni swichi, toeni watoto. Mitetemo mingine itafuata, inaweza kuwa dakika chache au siku kadhaa baadaye, kwa hiyo nyumba yenye ufa mpya wa mshazari kwenye kona za madirisha usilale ndani mpaka ikaguliwe, na usirudi kuchukua godoro. Azima kwa jirani.