Kuchagua ala za okestra: anza na wapigaji waliopo Dar

Hatua ya 1: Hesabu watu kabla ya kufungua programu ya kuandikia muziki. Okestra kubwa ya kawaida ina fluti 2, obo 2, klarineti 2, basuni 2, honi 4 (honi ya okestra, siyo ya daladala), tarumbeta 2, tromboni 3, tuba 1, timpani na kundi la nyuzi. Kwa Dar, tarumbeta, tromboni na saksafoni hazisumbui kupata: kuna vikundi vya matarumbeta ya harusini, bendi za makanisa na za majeshi. Obo na basuni ni adimu. Mstari wa basuni mpe chelo. Wa obo mpe klarineti. Usidanganyike kwamba zumari ni obo ya pwani. Zote hupulizwa kwa tete, ila zumari haijui kunong'ona.

Hatua ya 2: Chagua eneo la sauti, siyo jina la ala. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika.

Fluti kuanzia C ya kati hadi G iliyo juu yake ina pumzi nyingi na nguvu kidogo. Obo ni kinyume: chini ni nzito na kali, juu kabisa hukonda. Sasa andika fluti kwenye eneo hilo la chini juu ya tromboni 3, halafu sikiliza kwa programu kama MuseScore. Utaisikia vizuri kabisa, kwa sababu kila ala ilirekodiwa peke yake na maikrofoni karibu. Ukumbini utaona midomo inapuliza, fluti huisikii.

Kipimo cha kuanzia, ala zikipigwa kwa nguvu: tarumbeta 1 ni sawa na honi 2, na honi 1 ni sawa na ala 2 za mbao (fluti, obo, klarineti, basuni). Kwa hiyo fluti 2 dhidi ya tarumbeta 2 ni vita iliyokwisha kabla ya kuanza. Kwa sauti ya chini tofauti hupungua, lakini haiishi. Dawa zipo tatu: pandisha fluti oktavo moja, mpe viola nota zilezile, au ondoa ala za shaba (tarumbeta, tromboni, honi) na uache nyuzi zidonolewe kwa kidole. Kuongeza alama ya sauti kubwa kwenye pati (karatasi ya mpigaji) ya fluti siyo dawa. Mpigaji hana pumzi nyingine ya akiba. Mazoezini weka simu kiti cha nyuma kabisa, rekodi, kisha uamue.

Angalizo kwa okestra ndogo: vayolini 2 kwenye mstari mmoja ni idadi mbaya kuliko zote, maana tofauti ndogo ya tuni kati yao inasikika waziwazi. Weka 1, au 3 na kuendelea.

Hatua ya 3: Ala za kwetu. Kanuni, ala ya nyuzi ya taarab, ni tamu lakini ndogo kwa sauti; isindikize kwa nyuzi za kudonoa au nota ndefu za taratibu. Ukitumia robo toni (nusu ya nusu toni) za taarab, vayolini na chelo zitafuata, piano haiwezi, basi inyamaze kwenye nota hiyo. Ilimba ya Wagogo, ala ya vyuma vinavyodonolewa kwa vidole gumba, hufuata sauti za asili zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja, na ile ya saba iko senti 31 hivi (senti 100 ni nusu toni) chini ya piano. Usiiwekee klarineti mstari uleule. Tromboni inaweza, kwa mkono wake wa kuteleza. Kulazimisha ilimba ifuate kinanda ni kuiua.

Hatua ya 4: Pati. Klarineti ya B bemoli huandikwa toni moja juu, honi ya F nota ya tano juu, besi kubwa ya nyuzi oktavo juu. Programu inafanya yenyewe.

Hatua ya 5: Tuni ukumbini, baada ya wapulizaji kupasha ala zao. Kiyoyozi kikizimika, ala za kupuliza hupanda na nyuzi hulegea, kwa hiyo tuneni upya kabla ya wimbo unaofuata. Timpani ya ngozi halisi hushuka kwa unyevu wa hapa. Chukua ya plastiki.