Jinsi ya kuomba pasipoti ya kwanza ukiwa Unguja au Pemba

Mtu anayejitayarisha kwa safari yake ya kwanza ya nje, iwe ni Umra, matibabu India, masomo au kuwazuru jamaa walioko Muscat, mara nyingi huanza kwa kuulizia bei ya tiketi. Mimi ningemshauri aanze kwenye sanduku la vyeti la nyumbani kwao. Kujaza ombi la pasipoti ni kazi ya saa moja au mbili. Kinachowachelewesha wengi ni majina yasiyolingana kutoka cheti kimoja hadi kingine, na jambo hilo haligunduliki mpaka mtu amekwisha kufika mbele ya afisa.

Kwa hiyo toa cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa cha mzazi wako mmoja, vitambulisho vyako na vyeti vya skuli, uvitandaze mkekani na usome jina lako herufi kwa herufi, kisha la baba, kisha la babu. Visiwani kwetu mtu hubeba majina hayo matatu maisha yake yote, na mwanamke habadilishi jina lake kwa kuolewa, jambo ambalo lingepaswa kuturahisishia kazi. Lakini kila aliyeandika daftari aliandika alivyosikia: Abdalla na Abdallah, Mohamed na Mohammed, Khamis na Hamis, Suleiman na Seleman. Masikioni ni jina moja. Kwenye kompyuta ni watu wawili. Nilipomsaidia mama yangu kufanya ombi lake, cheti chake, kilichokaa miaka mingi kimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki hata wino umefifia kwenye mikunjo, kilisema Fatma, na kitambulisho chake kikasema Fatuma. Herufi hiyo moja ilitupotezea wiki tano za kwenda na kurudi, na mama alikuwa anasubiriwa hospitali.

Ukikuta tofauti ya namna hiyo, rekebisha kabla ya kuomba. Kosa likiwa kwenye kitambulisho cha Taifa, nenda NIDA. Likiwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha Zanzibar, nenda kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Wakati mwingine utatakiwa kula kiapo mbele ya wakili au hakimu kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Nawasihi wasomaji wasikubali kuandikiwa pasipoti kwa jina lenye kosa kwa sababu tu safari iko karibu, kwani viza, tiketi na hata usajili wa chuo vitafuata jina lile lililomo kwenye pasipoti, na kulibadilisha baadaye ni kazi kubwa kuliko kungoja sasa.

Wazee wetu wengi walizaliwa nyumbani kwa mikono ya mkunga na hawakuwahi kuandikishwa. Kwao hatua ya kwanza ni kwa sheha wa shehia yao, anayewafahamu na anayeweza kuwaandikia barua ya kuwatambulisha. Ikiwa anayekosa cheti ni mzazi wako, au amekwisha kufariki na cheti hakipatikani, hati ya kiapo cha kuzaliwa kwake hupokelewa badala yake.

Jambo jingine linalowachanganya Wazanzibari ni kuwa na vitambulisho viwili. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, chenye namba ya tarakimu 9, kinatuhudumia katika mambo mengi ya hapa nyumbani, lakini uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano, na kwa hiyo fomu ya pasipoti itakuuliza namba ya kitambulisho cha Taifa, ambayo ina tarakimu 20. Asiyekuwa nayo aishughulikie mwanzo kabisa.

Ombi lenyewe hujazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Jaza wewe mwenyewe ukiweza, au kaa ubavuni mwa kijana wa duka la intaneti anapokujazia, na usimruhusu kutuma mpaka umesoma kila mstari. Ukishajaza utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo utalipia benki au kwa simu. Pasipoti ya kielektroniki ilipozinduliwa tarehe 31 Januari 2018, ada iliwekwa shilingi 150,000, ikiwemo 20,000 ya fomu inayolipwa mwanzoni na 130,000 inayolipwa ombi likishapokelewa. Pesa hulipwa kwa namba hiyo tu, wala hapana sababu ya kumkabidhi mtu fedha taslimu mkononi ili akusaidie kusukuma ombi.

Chapisha fomu, ambatanisha nakala za vyeti, picha ya rangi kwa vipimo vilivyoelekezwa na uthibitisho wa safari yako, kama barua ya hospitali, ya chuo au ya mwenyeji wako, kisha upeleke afisi ya Uhamiaji: Kilimani kwa walioko mjini Unguja, na Chake Chake au Wete kwa walioko Pemba. Chukua vyeti halisi pamoja na nakala. Hapo utahojiwa kwa ufupi juu ya wazazi wako, ulikozaliwa na unakokwenda, utapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na ndiyo maana huwezi kumtuma ndugu akuwakilishe. Jibu kwa ukweli na kwa utulivu. Afisa anachotaka ni kuhakikisha kuwa wewe ni raia na ni yule unayesema. Kwa mtoto, andaa ridhaa ya wazazi kwa maandishi na nakala za vitambulisho vyao.

Siku ya kuipokea, usiitie mkobani mara moja. Ifungue pale pale dirishani, usome jina, tarehe ya kuzaliwa na mahali pa kuzaliwa, kwa kuwa kosa lililoonekana mbele ya afisa ni rahisi kulieleza kuliko lililoonekana nyumbani. Pasipoti hiyo hudumu miaka 10, lakini nchi nyingi humkatalia msafiri ambaye pasipoti yake imebakiza chini ya miezi sita, kwa hiyo ihesabu kama ina miaka tisa na nusu.

Sasa ndipo viza na tiketi. India, Oman na China zina afisi za ubalozi mdogo hapa Unguja. Kwa nchi nyingine nyingi itakulazimu kuvuka kwenda Dar es Salaam, au kuomba kwa mtandao pale inaporuhusiwa. Chanjo ya homa ya manjano, kwa nchi zinazoitaka, lazima ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuingia nchi hiyo. Kadi yake, tangu Julai 2016, inatambuliwa kwa maisha yote, basi usiitupe ukirudi. Mwenye kwenda Hija au Umra azingatie pia chanjo ya homa ya uti wa mgongo, nayo kwa siku 10 zile zile. Unapokata tiketi, mpe wakala pasipoti ayanakili majina kutoka humo, usimtajie kwa mdomo.

Ndugu wa Pemba wana hatua moja zaidi. Ndege za nje huondokea Unguja au Dar es Salaam, na boti ya Mkoani au Wete inaweza kuahirishwa bahari ikichafuka, hasa nyakati za kusi. Vuka angalau siku moja kabla ya safari, ulale kwa jamaa mjini, na pasipoti, kadi ya chanjo na nakala ya viza uziweke kwenye mkoba utakaokaa nao mwilini, si ndani ya begi litakalopakiwa chini.