Paka wako umfunge kizazi au umwache azae? Amua mapema

Jamani wenye paka, hili swali wengi wanaliuliza wakiwa wameshachelewa, paka kashavimba tumbo ndo mtu anahangaika nifanyeje sasa. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, bado ana sura ya kitoto kabisa, ingawa wengi wanaanza kati ya miezi mitano na tisa. Kwa hiyo siku unampeleka chanjo ya kichaa cha mbwa akiwa na miezi mitatu hivi, ongea na daktari wa mifugo hapo hapo mpange tarehe, upasuaji ufanyike kabla hajafikisha miezi mitano.

Akishaanza kutafuta dume utamjua. Analia usiku kucha, anagaagaa chini, ukimpapasa mgongoni karibu na mkia anainua matako na kupeleka mkia pembeni. Watu wanadhani tumbo linamuuma, wanampa dawa bure. Asipopandwa inapoa, halafu baada ya wiki mbili tatu inarudi tena, na mlango ukiachwa wazi dakika tano zinatosha.

Ile habari ya "azae kwanza mara moja ndo afungwe" naomba tuiache, haina faida yoyote kwake. Akifungwa kabla ya joto la kwanza, yaani kabla hajaanza kutafuta dume, hatari ya kansa ya matiti inapungua sana, na usaha kwenye kizazi ndo hapati, maana kizazi chenyewe kinatolewa. Na tafadhali sana usimchome sindano ya uzazi wa mpango ya binadamu, najua ni bei rahisi na wapo wanaofanya, lakini hizo homoni ndo zinazoleta huo usaha na uvimbe wa matiti.

Dume naye ahasiwe kwenye miezi hiyo hiyo. Asipohasiwa atakojolea makochi na mapazia, atazurura mtaa mzima na kurudi kachanika masikio, na kwenye kung'atana huko ndo wanaambukizana ukimwi wa paka (binadamu haumpati). Kwa ndugu zangu Waislamu wanaosita, wanazuoni wametofautiana, wapo wanaoruhusu kama hamna madhara kwa mnyama, muulize sheikh unayemuamini.

Sasa kama kweli unataka azae, mfano una paka wa manyoya na watu wanamtaka, subiri afikishe mwaka, awe na mwili, ana chanjo zote na kapewa dawa ya minyoo. Dume asiwe kaka yake wala baba yake, maana wenyewe hawachagui. Wale wa pua bapa uzazi unawasumbua, weka kabisa hela ya upasuaji pembeni. Mimba ni siku 63 mpaka 65 hivi na vitoto mara nyingi vinakuwa vinne, kwa hiyo kabla hujamleta dume uwe na watu wa kweli wa kuvichukua, sio wale wa "nitakutafuta". Mimi nikikosa watu hao simpandishi, kwa sababu tunajua vinaishia wapi, vinatupwa kwenye mfuko sokoni.

Akishazaa mfungie ndani, anaweza kushika mimba nyingine huku bado ananyonyesha. Vitoto vikae na mama angalau wiki nane, 12 ni bora zaidi, vikiacha kunyonya ndo mama apelekwe kufungwa.

Siku ya upasuaji fuata masaa ya kutokula aliyokwambia daktari, kitoto asishinde njaa usiku mzima. Akirudi mlaze ndani pasipo na baridi, kidonda asikilambe. Panadol usimpe hata kipande, inaua paka. Akipitisha siku nzima hajala, fizi zimekuwa nyeupe au mshono unatoa usaha, mrudishe siku hiyo hiyo. Na dume aliyehasiwa mtenge na majike kama mwezi na kitu, maana mbegu zinabaki mwilini wiki kadhaa na mimba bado anatia.