Kijana wako anataka upolisi Marekani? Mwanzishe Exploring

Mwanangu alishindwa usaili wake wa kwanza wa kujiunga na Exploring, programu ya vijana wanaotaka kujifunza kazi ya polisi, kwa sababu ya adabu. Maaskari watatu wamekaa mezani, yeye kainamisha macho kama tulivyomlea, anajibu kwa sauti ya kumwamkia babu yake Tanga. Wakasema hajiamini.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, anzia hapo. Wiki mbili kabla ya usaili mkalishe mezani, muulize kwa nini anataka kujiunga, na macho yake yasikuachie mpaka amalize jibu. Mweleze kwamba hayo ni ya kwa polisi. Nyumbani shikamoo iko palepale.

Exploring iko chini ya Learning for Life, shirika lililotokana na Skauti wa Marekani. Vikosi vyenyewe huendeshwa na idara za polisi na ofisi za sherifu. Wasichana kwa wavulana huingia wakiwa na miaka 14 na wamemaliza darasa la nane, na mwisho ni 20. Piga simu idara ya mji wenu uulizie "Explorer post", yaani kikosi cha vijana hao, maana si kila idara inacho. Andaa ripoti ya shule. Vikosi vingi havitaki alama mbovu. Na kama aliwahi kupata kesi, aseme mwenyewe, wataikuta tu.

Asitarajie kukamata mtu, hana mamlaka hayo. Ataelekeza magari siku za gwaride, atakariri lugha ya redio, ataandika ripoti mpaka achoke (wangu hapo ndipo alipotaka kuacha). Raha iko kwenye mazoezi ya kusimamisha gari. Nilimtazama siku moja kwenye maegesho: anashuka, anagusa buti la gari kwa kiganja, kisha anasimama nyuma kidogo ya mlango wa dereva, ili dereva alazimike kugeuza shingo kumwona. Akaniambia kiganja kile kinahakikisha buti limefungwa, tena kinaacha alama za vidole. Mimi nimesimamishwa barabarani mara ngapi, sikuwahi kujua huko nyuma kunafanyika nini.

Halafu kuna fomu ya kupanda gari la doria pamoja na askari aliye zamu. Hiyo usiisaini haraka. Magazeti ya huku yameshaandika visa vya maaskari waliowadhulumu kingono vijana wa Exploring, na ndani ya gari lile mtoto yuko na mtu mzima mmoja. Uliza atapanda na nani, atarudi saa ngapi, na akitaka kushuka katikati ya zamu ampigie nani. Mratibu akionyesha kukereka na maswali, tafuta kikosi kingine.

Mambo ya uraia pia yashughulikieni mapema, kwa sababu idara nyingi haziajiri asiye raia.

Mara ya pili alipita. Fomu ya doria niliisaini baada ya kujibiwa maswali yote matatu, na usiku ule simu sikuiweka chaji, niliishika mkononi mpaka aliporudi.